Rudisha Kalenda ya Shosho Ukutani

Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza ile video ya kukarabati nyumba ya shosho yangu imeenda wapi. Nimeifuta. Hakuna mtu aliniripoti, hakuna mtu alinitishia. Nimeifuta mwenyewe, na leo naeleza kwa nini. Nikimaliza, nataka wasee wote wanaotengeneza video za aina hiyo nao waangalie simu zao vizuri.

Kwa wale hawakuiona: Januari ya mwaka juzi nilienda kwa shosho, Njoro, na marafiki wawili na ndoo tatu za rangi. Yeye alikuwa ameenda harusi ya jamaa Nyahururu, siku mbili. Tukatoa viti nje, tukapaka sebule rangi ya krimu, tukabadilisha mapazia, tukatandika kapeti la plastiki, tukatoa takataka. Hizo takataka nilizionyesha kwenye kamera moja moja na muziki wa kuchekesha nyuma. Kalenda tatu, moja ya mwaka uliopita! Vikaratasi vimechomekwa kwenye fremu ya kioo! Mawe saba dirishani! Bahasha za dawa zimebanwa na pini kwenye kitambaa cha kiti! Uzi mwekundu unaning'inia kwenye msumari kando ya mlango! Mkebe wa Kimbo umejaa karatasi za tangu enzi za Moi! Watu wakacheka sana. Shosho aliporudi akaingia ndani, akasimama katikati ya sebule, akaangalia kuta, akalia. Nikaandika chini ya video: machozi ya furaha.

Ile video ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Ilinilipia kodi ya nyumba miezi miwili.

Haikuwa furaha, bana. Kufikia Februari shosho alikuwa ameanguka jikoni. Hakuvunjika, Mungu ni mkubwa, lakini presha ilikuwa imeshuka vibaya. Kumbe siku zingine alikuwa anameza dawa ya presha mara mbili, siku zingine hamezi kabisa. Daktari aliyemwona alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitano tu, na aliuliza swali moja ambalo hakuna mtu kwetu aliwahi kuuliza: "Shosho, asubuhi unajuaje kama umekunywa dawa au bado?"

Shosho akajibu, "Nilikuwa najua kwa mawe. Mawe yalitupwa."

Hakuniangalia. Angeniangalia pengine ingekuwa rahisi zaidi.

Yale mawe saba yalikuwa wiki. Kila asubuhi akishameza kidonge alikuwa anasukuma jiwe moja kutoka kushoto mwa dirisha kwenda kulia. Ikifika saa nne na akili imechanganyika, hakuwa anaiuliza akili, alikuwa anaangalia dirisha. Mawe mawili kulia, basi ya Jumanne imeshamezwa. Jumapili jioni akitoka kanisani anayarudisha yote. Hakuna mtu alimfundisha. Ule uzi mwekundu alikuwa anaufunga kwenye kitasa cha mlango akiacha kitu motoni, ili asiweze kutoka kwenda shambani bila kuugusa. Vikaratasi vya kwenye kioo vilikuwa namba za simu na madeni ya mayai. Na ile kalenda ya mwaka uliopita ambayo niliicheka zaidi ya vyote, ndiyo ilikuwa na alama ya siku ng'ombe alipandishwa. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku kadhaa. Akipandishwa Aprili anazaa Januari. Sasa niambie, mkulima atatoaje kalenda ya mwaka jana ukutani Januari? Mimi niliyekulia kwa maziwa ya huyo ng'ombe sikuwa nimewahi kufikiria hesabu hiyo.

Kwa hivyo ndiyo, mimi nilibeba akili ya shosho yangu kwenye gunia nikaichoma nyuma ya nyumba, na nikapiga video.

Sasa, kabla hamjaanza kunitukana peke yangu: fungueni TikTok muone ni wangapi tunafanya hivi. Imekuwa mtindo. Mjukuu ametoka mjini na pesa kidogo, anaamua kumfanyia shosho surpraizi, na kitu cha kwanza ni kutupa. Hatuulizi. Tunaona fujo kwa sababu sisi kumbukumbu yetu iko mahali pasipoonekana. Wewe unajua namba ya mamako kwa kichwa? Mimi sijui. Namba ya akaunti? Siku ya kuzaliwa ya rafiki yako wa karibu? Simu ndiyo inakumbuka. Simu yangu ikiisha moto nikiwa katikati ya Nairobi mimi ni mtu aliyepotea kabisa, na hakuna mtu ananiita mgonjwa. Lakini mzee akiandika kitu kwenye kikaratasi tunasema, "Shosho ameanza kusahau." Yeye ameandika ili asisahau! Kwani wewe ukiweka alamu umeanza kuzeeka?

Kuna jambo watafiti wa kumbukumbu wamelikuta mara nyingi mpaka wakaliita kitendawili. Ukiwaweka vijana na wazee kwenye chumba cha majaribio uwape mambo ya kukumbuka kufanya baadaye, vijana wanashinda. Lakini ukiwaambia wakiwa kwao nyumbani, wakiendelea na maisha yao, kwamba wapige simu saa fulani siku fulani, wazee wasio na ugonjwa mara nyingi wanafanya sawa na vijana au kuwapita. Sababu moja inayotajwa ni kwamba wazee wanajua hawawezi kuitegemea akili tupu. Wanaweka kitu karibu na simu, wanaandika, wanaunganisha na jambo wanalofanya kila siku. Nyumbani kwao ndipo nguvu yao ilipo. Halafu sisi tunaingia na rangi ya krimu.

Nisidanganye kwamba shosho alikuwa mzima kabisa na mimi ndiye nilimharibu. Mambo hayakuwa hivyo. Baada ya ile kuanguka alipelekwa kupimwa zaidi, na tukaambiwa ana dalili za mwanzo za ule ugonjwa madaktari wanauita dimenshia, na kwamba pengine ulianza kitambo. Yale mawe na nyuzi yalikuwa yanaushikilia mlango. Sisi hatukuona kwa sababu vilikuwa vinafanya kazi vizuri.

Na kuna sababu nyingine hatukuona. Mimi nimeitwa jina la babu, kwa desturi ya kwetu, kwa hivyo tangu utotoni shosho ananiita "mzee wangu." Ni utani wa kawaida, kila Mkikuyu anayesoma hapa anaujua. Basi siku moja akaniuliza, "Mzee wangu, ulimlipia huyu mtoto wetu wa tatu karo?" Mtoto wao wa tatu ni baba yangu. Sote tulicheka tukakaribia kuanguka. Nikamjibu, "Nimelipa, mama watoto." Sasa hivi najiuliza ule utani uliisha siku gani, maana uliisha na hakuna aliyejua.

Hapa ndipo nataka kuwagusa wale wa kontenti ya "mimi ni nani." Mnazijua. Mjukuu anaingia na kamera, anamsogelea mzee, "Shosho, unanijua mimi? Mimi ni nani? Hapana, angalia vizuri! Huyu je?" Shosho anataja jina la mtu aliyekufa, maoni elfu mbili ya kucheka. Wewe ungependa kila mtu anayekuja kukusalimia aje na mtihani? Mimi niliacha chuo kikuu kwa sababu kadhaa, na moja ni kwamba mitihani ilikuwa inaniamsha usiku nikitetemeka, na hiyo ni mitihani ambayo ungeweza kurudia. Mzee mwenye dimenshia anafeli mtihani huo mbele ya watu anaowapenda, kila wikendi. Na haumsaidii kukumbuka. Wanaofanya kazi na wagonjwa hawa wanashauri kinyume chake: usimwache abahatishe, kwa sababu jibu la makosa akishalitoa linaweza kushika kama lile la kweli. Mpe jibu kwanza. Ingia mlangoni useme, "Shosho, ni mimi mjukuu wako wa Nakuru, yule uliyempa jina la mzee wako, nimekuja na sukari na majani." Umemaliza. Hiyo sentensi ni dawa ya kumbukumbu na haina bei. Lakini haina laiki, najua.

Basi tuje kwa wale wenye pesa, maana nao wana dhambi zao.

Baada ya kuanguka kwa shosho, mjomba wa Nairobi alituma simu kubwa ya kioo, mpya, na programu ya kukumbusha dawa. Saa moja kamili inalia muziki mtamu na mwandiko wa Kiingereza unatokea. Shosho tangu zamani anatumia kabambe yenye tochi, vibonye vyake anavijua gizani. Ile simu mpya ikilia alikuwa anaichukua kwa mikono miwili, anaiweka sikioni, "Haloo? Haloo? Ongea, nasikia." Muziki unaendelea. Anaudhika, anairudisha kabatini na kuifunika na kitambaa ili hao watu wasiomjibu wasimsumbue. Mjomba alipoambiwa akasema, "Mama hataki kujifunza." Hapana, mjomba, na hili nakuambia kwa heshima zote: kitu kipya kinafaa kuletwa mapema, wakati akili bado inashika vipya. Ukingoja ugonjwa uingie ndio ulete simu ya kioo, umeleta mtihani mwingine.

Halafu hata ikilia na akaielewa, inalia mara moja na kunyamaza. Inasema "kunywa." Haisemi kama umekunywa. Hapo ndipo mawe yaliishinda simu ya elfu kumi na tano. Kuna kumbukumbu ya jambo la kufanya na kuna kumbukumbu ya jambo lililokwisha kufanywa, na kwa mtu wa vidonge hiyo ya pili ndiyo inaua. Ukimsaidia mzee wako jiulize hivyo: hiki kifaa kinamwambia afanye, au kinamwonyesha ameshafanya? Vyote viwili vinahitajika. Taarifa ya habari ya redio ya asubuhi inamwambia wakati umefika, jiwe linamwambia tayari.

Mjomba hakukata tamaa, akatuma kile kiboksi cha dawa cha plastiki chenye vyumba saba. Kitu kizuri sana, sikipingi, na ukiweza mnunulie wako. Lakini juu ya vifuniko kulikuwa na herufi za Kiingereza: S, M, T, W, T, F, S. T mbili na S mbili. Hata mimi inabidi nihesabu. Binamu yangu akasema tuzifute tuandike za Kiswahili. Tukaanza kuandika: J, J, J, A, I, J, J. Wueh! Tulicheka sana siku hiyo, na shosho alicheka kuliko sisi. Mwisho yeye mwenyewe ndiye alisema: wekeni msalaba kwa Jumapili, chora kikapu siku ya soko, chora kikombe siku ya chama, hizo zingine zitajipanga katikati. Na zikajipanga. Mtu mwenye dimenshia ndiye alitatua kitu ambacho watu watatu wenye akili timamu walikuwa wameshindwa.

Kiboksi kinakaa wapi? Kando ya chupa ya chai. Sio kabatini, sio chumbani, sio "mahali pazuri." Chai ya asubuhi shosho hajawahi kuisahau na nafikiri itakuwa kati ya vitu vya mwisho kusahaulika, kwa sababu mikono inakumbuka vitu ambavyo kichwa kimeachilia. Ukipanga upya jikoni la mzee wa namna hii, hata kama umelipanga vizuri kuliko lilivyokuwa, umeinyang'anya mikono yake ramani.

Nikirudi kwenye dawa, kuna hili la maduka ya dawa linaniudhi na halihitaji bajeti yoyote kurekebishwa. Unapewa vidonge vya aina tatu ndani ya bahasha ndogo tatu za kaki, zote sawa kama mapacha, na juu yake mwandiko wa mtu aliye mbioni: 1×3. 1×2. 2×1. Hiyo ni nini? Mzee aliyesoma hesabu za enzi za mkoloni anaona kuzidisha. Mbili mara moja ni mbili, moja mara mbili ni mbili, kwa hivyo hizo bahasha mbili ni sawa, si ndiyo? Si sawa! Moja ni vidonge viwili kwa mara moja, nyingine ni kimoja asubuhi na kimoja jioni. Andika "kidonge kimoja asubuhi baada ya chai." Chora jua, chora mwezi. Kalamu unayo mkononi tayari. Na wewe uliyemsindikiza mzee, usiondoke pale mezani kabla haijaandikwa. Hao watu wana foleni, sawa, lakini foleni haitamwokota shosho jikoni.

Suala la namba ya siri ya pesa za simu nalo tusilikwepe. Wazee wengi wameiandika mahali. Nyuma ya simu, ndani ya Biblia, kwenye kalenda ikijifanya namba ya mtu. Sote tunawagombeza. "Mama, hiyo haiandikwi!" Ni kweli haiandikwi, na mimi sitawaambia muiandike. Lakini hebu tuseme ukweli, nani anayeiba? Kwetu aliyetoa pesa za shosho hakuwa mwizi wa barabarani, alikuwa mtu wa mezani petu, na kwenye kikao cha familia aliyekaripiwa ni shosho kwa kuandika. Mtu wa miaka sabini na kitu anayepokea 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi anatakiwa abebe siri kichwani kama jasusi kwa sababu wajukuu wana mikono mirefu. Sisi tulifanya hivi: kwenye simu yake inakaa pesa ya matumizi madogo tu, watoto wake wawili wasiopendana sana ndio wanaangalia pamoja zile nyingine, na kila Jumamosi anasomewa kwa sauti kilichoingia na kilichotoka. Hao wawili kutopendana kumesaidia.

Na sasa niseme kitu kizito. Kuna sehemu za nchi hii ambapo kusahau kunaweza kukuua kabla ugonjwa haujakuua. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kisii, wakishukiwa kuwa wachawi. Kilifi wazee wamekatwa mapanga kwa tuhuma hizo hizo, na mara nyingi shamba liko nyuma ya tuhuma. Sisemi kwamba hao walikuwa na dimenshia, sijui na sitabuni. Nasema fikiria mzee aliyeamka usiku kutafuta choo, akakosa njia, akakutwa uani kwa jirani saa tisa usiku, hajafunga leso vizuri, anaongea na mtu aliyekufa. Kijiji kitasema nini? Unajua kitasema nini.

Kwa hivyo kifaa cha kwanza cha kumbukumbu kwa mzee aliyeanza kupotea njia ni jirani anayejua. Tuliwaambia majirani wote, mmoja mmoja, hata yule tusiyeongea naye tangu kesi ya mpaka. Shangazi alipinga, akasema ni kuanika aibu ya familia. Aibu gani? Presha tunaitangaza, sukari tunaitangaza, watu wanachanga. Hii ya kichwa ndiyo tunaficha, halafu mzee akipotea ndio tunakimbia kuweka picha yake mtandaoni. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka wa 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimenshia duniani, na zaidi ya asilimia 60 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu, kwenye vijiji hivi. Ndani ya mfuko wa sweta ya shosho kuna kadi yenye jina lake, jina la kijiji na namba mbili za simu. Kutoka mlangoni hadi chooni tumeweka taa ndogo za sola. Hata hizo ni kumbukumbu, zinamwambia njia ni hii.

Jambo moja la haraka, kwa sababu kuna mtu atalihitaji. Kama mzee wako alikuwa sawa Jumatatu na Jumatano haelewi yuko wapi, usikimbilie daftari wala kalenda. Kimbia hospitali. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuwa maambukizi, hata ya njia ya mkojo tu, au dawa zinazogongana, au maji yamepungua mwilini, na kunatibika. Na hata kusahau kwa polepole kuna sababu zingine zinazotibika, kama upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri. Apimwe. "Ni uzee tu" si jibu la daktari, ni jibu la mtu aliyechoka. Kusahau miwani iko wapi ni sisi sote. Kuuliza swali moja mara tano ndani ya dakika kumi, au kupotea kwenye njia uliyoipita miaka arobaini, hiyo ni nyingine.

Najua kuna mtu wa familia atasoma hii aseme, "Aliyeacha chuo leo anatufundisha." Sawa. Sijafika kwenye udaktari, nimefika kwenye gunia la takataka na kiberiti. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na serikali. Serikali tunaitukana kila siku, na inastahili. Lakini angalia hiyo sentensi ilivyopangwa. Familia imetajwa kwanza.

Na wewe unayepanga surpraizi mwezi huu: paka rangi, bana, sio mbaya. Badilisha mapazia. Lakini mwenye nyumba awepo. Kabla hujang'oa kitu muulize, "Shosho, hii ni ya nini?" na usikilize mpaka mwisho, hata akianza na hadithi ya mwaka wa sitini na tatu. Piga picha ukuta kabla hujauguza, urudishe kila kitu kilipokuwa. Hata jiwe.

Sisi tulirudisha. Mwenye hadwea alitupa kalenda tatu nilipomweleza. Mawe, shosho alienda mtoni akayachagua mwenyewe, yale yangu aliyakataa kwamba hayatelezi. Alama zingine hazikurudi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amezikariri isipokuwa ule ukuta, na zingine yeye mwenyewe hakumbuki tena zilikuwa za nini. Hizo nilizichoma mimi.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea kalenda ya mwaka mpya. Ndio siku nilifuta ile video. Nikapanda kwenye kiti, nikaanza kutoa ya mwaka jana ili nipate msumari.

"Mzee wangu," akasema, "hiyo iache. Ng'ombe bado hajazaa."

Nikaangalia ile alama yake ya Aprili, nikahesabu kwa vidole. Bado wiki tatu. Nikashuka kwenda kutafuta msumari mwingine.